Meza ya Mama Mkwe

Meza niliyopewa ilikuwa ya mtu mmoja. Niliizunguka nikidhani kuna kiti kingine kimesukumwa chini yake, nikainua hata kitambaa kutazama. Hakikuwepo. Kulikuwa na kiti kimoja chenye mto wa mgongo, sahani moja, bakuli moja, vijiti viwili vya kulia, kijiko, na mbele yake kiambaza cha mianzi, kile cha kukunjwa, kimesimamishwa kati yangu na watu wangu.

"Hapa ndio mama atakaa," msichana wa mkahawa akaniambia. Jina lake, Irine, lilikuwa limeandikwa kifuani. "Ni private kabisa. Hakuna mtu atakusumbua."

Nilikuwa nimetoka Rusinga asubuhi, nimevaa gauni la Jumapili siku ya Jumamosi, ili nije Homa Bay kula chakula cha mchana na binti yangu Marion. Jumanne angepanda ndege kwenda Uingereza na mumewe Gisiri na mtoto wao Liz, wa miaka saba. Gisiri ni nesi, na amepata kazi huko. Tangu mume wangu Elkanah afariki, sasa ni mwaka wa nne, mimi hula peke yangu asubuhi, mchana na jioni. Huwa nabishana na redio. Sikutaka zawadi ya kuagana wala hotuba. Nilitaka kukaa meza moja na binti yangu tule mpaka tushibe, basi. Nilikuwa nimeihesabu siku hiyo kwa wiki mbili.

Sasa kuhusu hicho kiambaza, itabidi niseme ukweli, na ukweli wenyewe haunipendezi.

Kwetu Wajaluo, maro, yaani mama mkwe, hali mbele ya mume wa binti yake, naye hali mbele ya maro. Hiyo ni heshima ya tangu zamani, na Wakuria nao wanayo ya kwao. Lakini siku hizi ni wangapi wanaoishika? Jirani yangu Marcella hula na wakwe zake kwenye sinia moja, na wanagombania kichwa cha samaki mpaka unaona aibu kutazama. Kanisani kwetu jambo hilo lilishasahaulika. Mimi ndiye niliyelifufua. Miaka tisa iliyopita, Marion aliponiletea Gisiri, kijana wa Kegonga, sikumtaka. Hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, hakuwa na mke mwingine. Alikuwa Mkuria, basi, na mimi nilikuwa nimeshamchagulia Marion mwalimu mmoja wa Mbita. Maneno kama hayo huwezi kuyasema mbele ya pasta. Kwa hiyo nikasema, "Mimi ni mtu wa mila. Sitaki huyo kijana anione nikila, wala mimi nimwone akila."

Ilikuwa njia nzuri ya kumkwepa. Mtu msiyekula naye hamzungumzi sana, na mtu msiyezungumza naye huna haja ya kumpenda.

Gisiri akaamini. Nilipokwenda kuwatembelea Migori, akisikia tu sauti yangu getini alibeba sahani yake akaenda kulia nje kwenye veranda, mvua inyeshe isinyeshe. Alinitengenezea kwa mikono yake kimeza kidogo, akakiweka chumbani ili nile kwa amani. Nilikuwa nikila kwenye kimeza hicho nikijiona mshindi. Hapo Elkanah alikuwa hai, na nyumbani nilikuwa na mtu wa kumsimulia ushindi wangu.

Sasa unaelewa kosa langu la siku ile. Marion aliponiambia kwa simu, "Mama, tutakaa kwa heshima yako, usijali," nilidhani atakayetengwa ni Gisiri. Nilikuwa nimeshamwona akilini mwangu, amekaa pembeni na vijiti vyake, na sisi watatu meza kubwa. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba yeye ndiye mwenye familia na mimi ndiye mgeni.

Marion alikuja kunitazama kabla sijaketi vizuri. Alikuwa amesuka nywele mpya, za safari.

"Mama, uko sawa hapa?"

"Niko sawa."

"Siwezi kuacha Gisiri akule peke yake, na wewe pia siwezi kukuacha. So nitakuwa nakuja-kuja. Si ni sawa?"

"Nenda bwana, chakula kitapoa," nikamwambia, na chakula chenyewe kilikuwa hakijaletwa.

Mkahawa wenyewe ni wa ghorofani, juu ya duka la vyuma. Mwenyewe anaitwa Zadock, mtoto wa hapa hapa, ambaye alipika kwenye hoteli za Doha miaka kumi na mmoja akarudi na mapishi ya Bara Asia yote kichwani, Uchina, Uhindi, Siam, akayachanganya kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo aliiandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mimi nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo niliisoma nikiwa na hamu ya kalamu nyekundu. Kulikuwa na "Kuku Mkali". Kuku mkali ni yule mwenye vifaranga. Kulikuwa na "Tambi za Kulewa". Kulikuwa na "Omena wa Heshima", na hiyo niliagiza ili nijue Zadock ameifanyia omena heshima gani.

Walikuwa dagaa kumi na wawili, juu ya jani, wamenyunyiziwa ufuta na pilipili. Kumi na wawili! Nyumbani huo ni mwanzo wa kijiko.

Mezani kwangu kulikuwa na kitabu cha wageni. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya meza ile siku zote, kubeba kitabu. Basi nikakisoma, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na mazungumzo. Mmoja aliandika, "Tumekula birthday ya Linet, vizuri sana, Mungu abariki mikono ya mpishi." Chini yake mwingine, "Samaki wametiwa sukari. Kwa nini?" Kulikuwa na aliyeandika ukurasa mzima kusifu supu, na aliyemfuata kasema supu hiyo hiyo ilimrudisha hospitali akilini. Mmoja, kwa herufi kubwa, kama anayemwandikia chifu, "TUNAOMBA UGALI." Niliona ajabu kwamba watu hawa walikuwa wamekaa chumba kimoja na kupikiwa na mkono mmoja.

Kwa upande wa dirishani, ambako kiambaza hakikufika, niliweza kuwaona wengine. Bwana mmoja mnene, mkandarasi kwa jinsi alivyoweka funguo za gari mezani, alikuwa akimwuliza Irine kuhusu ugali kwa mara ya tatu. "Unaniambia mchele. Mimi nakuuliza chakula." Meza ya pili yake walikaa kijana na msichana waliokuwa wakipiga picha kila sahani kabla ya kuigusa, na kulishana kwa vijiti, tambi zikianguka, wakicheka mpaka msichana akajifunika uso na leso. Niliwachukia kidogo. Nitasema tu: niliwachukia, halafu nikatamani wasiondoke.

Nyuma ya mianzi, watu wangu walikuwa kwenye meza ya mviringo, ile yenye kioo katikati kinachozunguka. Kila mtu anaizungusha chakula kimfikie. Sikuwaona, nilisikia tu. Nilisikia Liz akipiga kelele, "Baba, izungushe tena! Izungushe kuku ije kwangu!" Nilisikia Marion akicheka, kicheko chake kile cha utotoni cha kuvuta pumzi, ambacho nilidhani ulezi umekimaliza. Na sauti nyingine ilikuwa ikisema jambo la polepole, la utani, lililowachekesha wote wawili. Ilinichukua muda kujua ni sauti ya Gisiri. Miaka tisa, na sikujua kwamba mtu huyu anachekesha.

Samaki wangu akaletwa, mzima, na ni kweli ametiwa sukari. Sukari, tangawizi na ukwaju. Nilikuwa tayari kukasirika lakini alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniuma. Ukila kitu kibaya peke yako unajua ni kibaya, yamekwisha; ukila kitu kitamu unageuka kumwambia mtu. Nikageuka. Palikuwa na ukuta, na kalenda ya benki.

Liz akaja, mdomo mwekundu kwa mchuzi. Yeye huniita dani, yaani bibi kwa Kijaluo.

"Dani, mbona unakula na ukuta?"

"Dani anapumzika, nyathina, mtoto wangu."

"Kuja kwetu. Meza inazunguka."

"Nitakuja."

"Lini?"

Mama yake akamwita, akakimbia. Marion naye alikuja mara mbili. Alisimama, hakuketi, maana angeketi wapi? Mara ya kwanza aliniletea kipande cha bata kwenye kisahani. Mara ya pili alinishika bega akauliza kama nimekunywa dawa ya presha. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, si mengi. Nilitaka kumwambia kwamba ninajivunia yeye, na kwamba usiku wa kwanza huko asiogope baridi. Lakini mtu aliyesimama huwezi kumwambia maneno ya kukaa. Nikamwambia nimekunywa.

Irine alipokuja kutoa mifupa ya samaki, nadhani alinihurumia. "Mama, huo mto uko sawa? Ama nikubadilishie?"

"Mto uko sawa. Nani amewaambia mlete mto?"

"Si ni baba Liz. Alipiga simu mara tatu hii wiki. Kwanza akasema mama yake asikae kwa upepo. Halafu akasema samaki yake isiwe na pilipili. Halafu akapiga tena jana jioni, eti kiti iwe na kitu ya mgongo, mama ana shida ya mgongo." Akacheka. "Mimi nilidhani ni mtoto wako wa kuzaa."

Nilikaa na maneno hayo. Marion sijawahi kumwambia kuhusu mgongo. Niliwahi kulalamika mara moja tu, kule Migori, nikiwa chumbani kwenye kimeza changu, nikijisemea mwenyewe. Na Gisiri alikuwa verandani, dirisha liko wazi, na sahani yake magotini.

Niliona aibu. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira, aibu ikageuka haraka kuwa uamuzi. Nikajiambia, Truphena, una miaka sabini na mmoja, Jumanne hawa watu hawapo, na kinachokuzuia ni mianzi. Nikachukua bakuli langu la wali kwa mkono mmoja na kijiko kwa mkono wa pili, nikasimama, nikazunguka kiambaza.

Nilikuwa nimeandaa tabasamu. Gisiri alikuwa ameinamia sahani, mdomo umejaa. Akainua macho, akaniona nikija na chakula mkononi, na sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Kiti kilianguka. Akaziba mdomo kwa kiganja, akageuza uso, akapita kando ya ukuta ili asinikaribie, akatoka mlangoni na kushuka ngazi mbio. Mkandarasi alisimama kutazama kama kuna moto. Wale vijana wakaacha kulishana.

Nikabaki nimesimama na bakuli.

"Mama!" Marion akasema. Alikuwa ameinuka. "Umefanya nini?"

"Nimekuja kukaa na nyinyi."

"Leo? Miaka tisa, mama. Miaka tisa bwana yangu anakula nje kwa mvua juu yako. Leo ndio umeamua, na hujamwambia mtu?" Macho yake yalijaa machozi. "Ametoroka na chakula kwa mdomo kama mwizi. Mbele ya watu."

Niliweka bakuli pale pale kwenye kile kioo kinachozunguka, nikamfuata Gisiri.

Nilimkuta chini, nyuma ya duka la vyuma, jua limemwakia kichwani. Alikuwa amesimama akiutazama ukuta uliochorwa tangazo la saruji, anafuta mdomo. Aliposikia viatu vyangu hakugeuka.

"Gisiri," nikamwita. Mpaka siku ile nilikuwa nikimwita baba Liz, au huyo.

"Ndio, mama."

"Rudi ndani ukule."

"Mimi nimeshiba, mama. Nyinyi endeleeni."

"Umeshiba wapi na sahani imejaa?"

Alifuta mdomo tena. Halafu akasema, bado kwa ukuta, "Mama, unisamehe. Sikujua unapita hiyo side. Ningejua ningehama mapema. Sikutaka ukanyage heshima yako kwa sababu yangu."

"Hujakosa kitu. Nilikuwa nimekuja tule pamoja."

Hapo akageuka nusu, akanitazama miguu. "Pamoja na mimi?"

"Na wewe."

Nilimwona anafikiria kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Hapana, mama. Hiyo ni kitu kubwa. Hiyo lazima iwe na siku yake, wazee wakae, tuchinje. Siwezi kukuvunjia heshima kwa hoteli hivi hivi. Unajua mimi sikukua na hizi vitu. Mzee wangu alikuwa polisi, nililelewa kwa lines za polisi Nakuru, huko kila mtu anakula na kila mtu. Ile siku ulisema wewe ni mtu wa mila, nilienda Kegonga kwa babu, nikakaa kwake siku mbili. Nilimuuliza, nifanye aje ndio huyu mama nisimkosee hata siku moja? Akanifunza yote." Akatabasamu kidogo, bado anatazama viatu vyangu. "Marion hunicheka. Lakini mimi husema, mama yake alinipea kitu ya kushika. Wengine wanachukiwa tu na wakwe, hawaambiwi hata wafanye nini."

Jamani, hapo moyo uliniuma kwelikweli. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilitaka kumwambia: sikuwa mtu wa mila, mwanangu, nilikuwa mtu wa kukuchukia tu, na nilikupa mila kwa sababu sikuwa na ujasiri. Nilifungua mdomo. Kisha nikamtazama, jasho shingoni, shati lake jipya la safari lina tone la mchuzi kifuani, na nikaona kwamba nikisema hivyo nitapumua mimi. Yeye je? Kila sahani aliyoibeba kwenda mvuani ingegeuka kuwa ujinga. Angepanda ndege Jumanne akijua kwamba miaka tisa alikuwa akichekwa.

"Tukirudi tutafanya hiyo siku," akasema. "Mbuzi nitaleta Rusinga mimi mwenyewe. Tutakaa na wewe tukule mpaka uchoke na sisi."

"Mtarudi lini?"

"Kontrakti ni miaka tano, mama. Halafu tutaona."

Mitano. Nilihesabu, na hesabu haikuwa ngumu.

"Umenishika heshima vizuri," nikamwambia. "Hakuna mkwe Rusinga aliyemshika maro wake hivi. Ngoja nitangulie. Ukihesabu mpaka hamsini, panda, utakuta nimerudi mahali pangu. Na usiache samaki. Ni mtamu."

"Asante, mama."

Nilipanda ngazi polepole kwa ajili ya magoti. Kiti cha Gisiri kilikuwa kimeinuliwa. Marion alikuwa anamfuta Liz mdomo, ingawa ulikuwa umeshakuwa safi.

"Mumeo anakuja," nikamwambia. "Mpashieni chakula."

"Mama, kaa basi. Kaa kidogo na sisi kabla afike."

Hilo ndilo nililotoka Rusinga kulitafuta, na alilisema kwa sauti laini, na kiti kilikuwa pale. Lakini nilizisikia hatua chini ya ngazi. Alikuwa amehesabu haraka. Kama angenikuta nimeketi angegeuka tena, mbele ya mkandarasi na mbele ya mtoto wake, na mke wake angemwona akikimbia mara ya pili.

"Baki na mumeo," nikasema. Nikachukua bakuli langu kwenye kioo, nikamshika Marion shavu kwa mkono uliokuwa mtupu, nikarudi nyuma ya mianzi.

Nikavuta kiti kwa kelele ili ajue nimeketi. Hatua zikasita mlangoni, zikaendelea. Kiti kingine kikavutwa. Liz akauliza, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, "Baba, dani alikuwa anataka nini?"

"Alikuwa anataka kuniaga," Gisiri akasema.

Vijiko vyao havikusikika. Hawakuwa wanakula. Nilielewa kwamba wananisikiliza, kwamba wanangoja kujua kama nimekasirika. Wali ulikuwa umepoa na kushikana. Nikachukua kijiko, nikakigonga ndani ya bakuli kwa nguvu, mara mbili, mara tatu, wasikie kwamba ninakula. Na upande wa pili vijiko navyo vikaanza, cha mtoto kwanza, kisha cha Marion, na cha Gisiri mwisho.